Chakula, Akili na Hukumu

Wahenga walisema kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Msemo huu ni mzuri kwa kuwanyenyekeza wenye majivuno, maana humkumbusha kila mtu kwamba akili haikupewa mmoja peke yake. Walakini una upande wa pili ambao hautazamwi sana. Nywele huota katika ngozi, ngozi hulishwa na damu, na damu hutokana na kile kilichotiwa kinywani. Mtoto aliyepatwa na utapiamlo mkali nywele zake hupoteza weusi, hugeuka rangi na kunyonyoka. Mama aliyewahi kumwuguza mtoto wa namna hiyo hahitaji kuambiwa. Ikiwa nywele zenyewe haziwezi kusimama bila chakula, akili iliyofananishwa nazo yaweza?

Swali hili kwa uso wake ni la matabibu, lakini kwa moyo wake ni la maadili. Kila siku watu huhukumiana kwa akili. Mwalimu humwita mwanafunzi mzito, tajiri humwita kibarua mvivu, na mji huwaita watu wa shamba wajinga. Hukumu hizo zote zimesimama juu ya nguzo moja, nayo ni dhana kwamba akili ya mtu ni mali yake mwenyewe au urithi wa wazee wake, na kwa hiyo sifa na lawama zake hazimhusu mtu mwingine. Je, nguzo hiyo yaweza kustahimili ikithibitika kwamba akili hupunguzwa na sahani kabla haijapimwa na mwalimu? Na ikianguka, deni ni la nani?

Yafaa kuanza na kiungo chenyewe. Ubongo wa mtu mzima ni kiasi cha sehemu 2 tu katika kila sehemu 100 za uzito wa mwili. Lakini mwili unapopumzika, ubongo hutumia karibu sehemu 20 katika kila 100 za nguvu zote zinazotumika. Ni mgeni mdogo alaye riziki ya watu kumi. Tena hauna ghala la kutosha la kujiwekea akiba, wala hauachi kula hata mwenyewe anapolala. Katika utoto ulafi wake huzidi, kwa sababu wakati huo haufanyi kazi tu, bali pia unajengwa. Na mjenzi hahitaji nguvu peke yake. Ahitaji na vifaa. Pasipo chuma, madini joto, vitamini, mafuta na protini, nyumba husimama ikiwa na vyumba pungufu. Hivyo mtu aweza kushiba tumbo na ubongo wake ukalala njaa. Njaa ya tumbo hupiga kelele, lakini njaa ya ubongo ni bubu, na jambo bubu ndilo rahisi kusingiziwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa ugonjwa uitwao pelagra. Mahindi yalitoka bara la Amerika, na baada ya mwaka 1492 yakaenea Ulaya, Afrika na Asia. Wenyeji wa Mexico na jirani zao, waliokuwa wakiyala tangu kale, walikuwa na desturi ya kuyachemsha katika maji ya chokaa au ya majivu kabla ya kuyasaga. Waliokuja kuyachukua walichukua nafaka, wakaiacha desturi, wakidhani kwamba ni mambo ya jikoni yasiyo na maana. Ndani ya desturi ile kulikuwa na elimu. Vitamini ya niasini imo katika mahindi, lakini imefungwa. Maji ya chokaa huifungua. Mwili waweza pia kujitengenezea niasini kutokana na sehemu moja ya protini, lakini mahindi ni maskini wa sehemu hiyo. Basi mtu ambaye hana kitoweo, naye hula mahindi tu yasiyotayarishwa hivyo, huugua. Mwaka 1735 tabibu Gaspar Casal aliueleza ugonjwa huo miongoni mwa maskini wa Asturias katika Hispania. Baadaye Waitalia wakaupa jina linalotokana na maneno ya ngozi kukwaruza. Ngozi iliyopigwa na jua hubabuka, tumbo huharisha, kisha akili huondoka: mgonjwa hukosa usingizi, huhuzunika, husahau, huona yasiyokuwapo, na mwisho hufa.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa huo uliyavamia majimbo ya kusini mwa Marekani. Waliouguzwa walikuwa wapangaji waliolima pamba katika mashamba ya watu kwa fungu la mavuno, na wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Chakula chao kilikuwa unga wa mahindi, mafuta ya nguruwe na asali ya miwa. Pamba ilikuwa imelimwa mpaka mlangoni, pasibaki mahali pa bustani wala pa kufungia ng'ombe. Wagonjwa wengi walifungiwa katika nyumba za wendawazimu, na huko wakahesabiwa pamoja na wale ambao wazimu wao haukujulikana ulikotoka. Watu walisema kwamba ni ugonjwa wa kuambukiza uletwao na uchafu. Wengine walikwenda mbali zaidi. Charles Davenport, aliyekuwa bingwa wa nadharia ya kuboresha uzao wa binadamu, aliandika mwaka 1916 kwamba namna ya kuugua pelagra hurithiwa katika damu za koo fulani. Maneno hayo yalikuwa na utamu kwa wenye mashamba. Maana ikiwa kosa ni la damu ya mkulima, mwenye shamba hana la kujibu.

Mwaka 1914 serikali ya Marekani ilimtuma tabibu Joseph Goldberger achunguze. Goldberger aliingia katika nyumba za mayatima na za wendawazimu, akatazama jambo ambalo lilikuwa wazi kwa kila mtu, lakini halikuwa limesemwa: wauguzi na watumishi wa nyumba hizo walikuwa hawaugui. Ugonjwa gani wa kuambukiza uchaguao wagonjwa na kuwaruka wanaowaosha? Katika nyumba za mayatima za mji wa Jackson, Mississippi, aliona tena kwamba waliougua zaidi ni watoto wa kadiri ya miaka 6 hadi 12. Wadogo kuliko hao walikuwa wakipewa maziwa. Wakubwa kuliko hao walikuwa wakifanya kazi, nao wakipata chakula bora zaidi. Waliobaki katikati, ambao walikuwa wakubwa mno kwa maziwa na wadogo mno kwa kazi, ndio waliobaki na mahindi. Goldberger aliagiza maziwa, mayai, nyama na kunde. Pelagra ikatoweka karibu yote katika nyumba zile. Katika hospitali ya wenye wazimu ya jimbo la Georgia mambo yakawa vivyo hivyo.

Mwaka 1915 aliwapa wafungwa waliojitolea katika shamba la gereza la Mississippi chakula cha maskini wa kusini, kwa ahadi ya gavana kwamba watasamehewa vifungo vyao. Kati ya 11 waliofika mwisho, 6 walionyesha dalili za pelagra. Hapa mwenye kupima haki hana budi kusimama kidogo. Mtu aliye kifungoni akiahidiwa uhuru kwa sharti la kuhatarisha afya yake, hiari yake ni hiari yenye pingu. Na ukweli uliopatikana haufuti namna ulivyopatikana. Yamkini Goldberger mwenyewe hakutaka hatari iwe ya wengine tu, kwani mwaka uliofuata yeye na wenzake walijidunga damu ya wagonjwa na kumeza uchafu wa miili yao ili waonyeshe kwamba ugonjwa hauambukizi, na mkewe naye akadungwa. Hakuna aliyeugua pelagra.

Pamoja na mchumi Edgar Sydenstricker alihesabu mapato na vyakula vya jamaa katika vijiji vya viwanda vya nguo huko South Carolina. Jibu likawa fupi: kadiri mapato yalivyopungua, pelagra iliongezeka. Mwaka 1921 habari za njaa na pelagra zilipotangazwa na serikali ya Marekani, wakubwa wengi wa kusini hawakushukuru. Walikasirika, wakasema kwamba majimbo yao yanaaibishwa. Goldberger alikufa mwaka 1929 pasipo kukijua kitu chenyewe kilichokosekana. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem alionyesha kwamba ni niasini. Baada ya hapo wagonjwa waliodhaniwa kuwa wamepotea waliweza kupewa kiasi kidogo cha dawa hiyo, na akili zao zikarudi upesi kwa namna iliyowashangaza matabibu.

Habari hii hudai kutazamwa kwa macho makavu. Watu waliitwa wavivu, wakaitwa wachafu, wakaitwa uzao mbovu, wakatiwa nyuma ya kuta pamoja na wenye wazimu. Na muda wote huo walikuwa na haja ya maziwa, karanga na kunde. Tena haifai kudhani kwamba ni hadithi ya zamani na ya mbali. Mwaka 1990, katika Malawi, wakimbizi kutoka Msumbiji walipatwa na pelagra zaidi ya 18,000 baada ya karanga kukosekana katika posho yao na kubaki mahindi. Mwaka ule niasini ilikuwa imejulikana zaidi ya nusu karne. Kilichokosekana hakikuwa elimu. Na kwa kuwa katika Afrika ya Mashariki ugali wa mahindi ndio nguzo ya chakula cha watu wengi, somo la pelagra si la wageni. Kunde, karanga, dagaa na mboga zilizokaa kando ya ugali zaonekana kama mapambo ya sinia, kumbe ni walinzi wa akili.

Hapa yaweza kuzuka hoja ya upande wa pili, nayo ina uzito. Mtu aweza kusema: ikiwa akili ni chakula tu, basi wema, ushujaa na hekima navyo ni chakula. Mwizi atadai kwamba ameibishwa na tumbo, na mcha Mungu hatakuwa na thawabu kwa saumu yake. Hoja hii yataka jibu la haki, na historia ina kisa kinachosaidia. Kati ya mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys aliwafanyia uchunguzi vijana 36 waliokataa kupigana vita kwa sababu ya imani na dhamiri zao. Walijitolea kupunguziwa chakula kwa miezi sita, ili ijulikane namna ya kuwaponya wenye njaa vita vitakapokwisha. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Watu hawa waliokuwa wapole walianza kugombana kwa mambo madogo, wakahuzunika, wakajitenga, wakaota chakula na kuzungumza chakula. Baadhi yao walishindwa kulishika sharti na kula kwa siri. Wenyewe walisema kwamba hawawezi kukaza fikira. Lakini walipopimwa kwa mitihani ya akili, uwezo wao haukuonekana kuporomoka.

Kisa hiki hukata pande mbili. Kwa upande mmoja chaonyesha kwamba njaa humfikia mtu hata katika tabia, asije mwenye shibe akajisifu kwa upole ambao haujajaribiwa. Wasemao kwamba mwenye njaa hana miiko hawakukosea sana. Kwa upande wa pili chaonyesha kwamba chakula si mtu. Wengi wa vijana wale walivumilia mpaka mwisho kwa ajili ya watu ambao hawakuwajua. Chakula ni mafuta ya taa, wala si kitabu kisomwacho kwa mwanga wake. Pasipo mafuta hapana kusoma. Lakini mafuta yakiwapo, bado msomaji huchagua ukurasa. Ndiyo maana saumu na njaa ni vitu viwili mbalimbali ingawa tumbo haliwezi kuvitofautisha. Mwenye kufunga amefunga mlango kwa ndani, na ufunguo uko mkononi mwake, na futari yaja jua likichwa. Mwenye njaa amefungiwa kwa nje, wala hajui magharibi yake itakuwa lini. Kumsifu wa kwanza si sababu ya kumlaumu wa pili.

Tena vijana wale walikuwa watu wazima ambao bongo zao zilikwisha jengwa. Ama mtoto, hali yake ni nyingine. Madini joto yatosha kuwa ushahidi. Tezi ya shingo huyahitaji ili itengeneze vichocheo viongozavyo ukuaji wa mwili na ubongo. Yakikosekana, mtu mzima huota rovu. Lakini mama mja mzito akiyakosa sana, mtoto aweza kuzaliwa akili yake imedumaa, pengine akiwa kiziwi na bubu, na hasara hiyo haiponyeki kwa chakula cha baadaye. Sehemu za milima zilizo mbali na bahari, ambazo udongo wake umeoshwa na mvua kwa muda mrefu, ndizo ziliathirika zaidi. Katika milima ya Alpi watu wa namna hiyo walifanywa mzaha kwa karne nyingi, mpaka Uswisi ilipoanza kutia madini joto katika chumvi mwaka 1922. Tanzania nayo ilikuwa na mzigo mkubwa wa rovu, hasa katika nyanda za juu za kusini. Tangu nusu ya pili ya miaka ya 1980 vidonge vya mafuta yenye madini joto viligawiwa katika wilaya zilizozidiwa, na baadaye chumvi yenyewe ikatiwa madini hayo. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2009 ulieleza kwamba watoto wa Tanzania ambao mama zao walifikiwa na vidonge walipata masomo zaidi kwa wastani wa kiasi cha theluthi ya mwaka, na wasichana walinufaika zaidi. Wataalamu wengine waliozipitia hesabu hizo tena waliziona dhaifu kuliko zilivyodhaniwa. Ubishi huo ni wa kipimo; kwamba upungufu mkubwa wa madini joto humharibu mtoto tumboni hakuna abishaye.

Mtoto huyo aliyezaliwa pungufu alikosa nini? Hakuchagua mlima wa kuzaliwa, wala chumvi ya mamaye. Akifika shuleni na kushindwa hesabu, huchapwa kwa deni alilokopewa na wengine kabla hajavuta pumzi. Wala mamaye hana hatia, kwa sababu kitu alichokikosa hakina rangi wala harufu, wala hakimlilii tumboni. Hapa ndipo lawama ikosapo mtu mmoja wa kumkalia, na inapogeuka kuwa wajibu wa wote. Jambo lisilowezekana kwa mtu peke yake, na linalowezekana kwa jamii kwa gharama ya chumvi, jamii ikiliacha yaliacha kwa kusudi.

Hata hivyo uadilifu hudai kwamba chakula kisisifiwe kwa lisilo lake. Wako wafanyao biashara ya hofu, wakiuza vidonge na unga kwa madai kwamba vyanoa akili za wanafunzi na kuwarudishia wazee kumbukumbu za ujana. Kufukia shimo ni kazi moja, na kuinua kilima ni kazi nyingine. Mwenye kupungukiwa na niasini hurudishiwa akili kwa niasini. Asiyepungukiwa haongezewi hekima kwa kuimeza. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2023 uliwafuata wazee 604 wa Marekani kwa miaka mitatu, nusu yao wakila chakula cha mboga za majani, matunda madogo, njugu na samaki kilichopangwa makusudi kwa ajili ya ubongo, na wengine wakila chakula chao cha kawaida kwa kipimo kidogo kuliko mazoea. Akili za makundi mawili hazikuachana kwa tofauti ya maana. Chakula hicho bado ni chema kwa moyo na mishipa, na vilivyo vyema kwa mishipa havidhaniwi kuwa vibaya kwa ubongo. Lakini si uchawi. Aliyetoa fedha zake kununua werevu kwa kidonge angalifaidika zaidi kwa kumnunulia jirani yake maharage.

Yabaki onyo moja, nalo ni zito. Mtu akisema kwamba njaa hupunguza akili, msikiaji mwenye nia mbaya aweza kufanya neno hilo kuwa tusi jipya: kwamba maskini ni wapungufu, na sasa elimu imethibitisha. Hilo ndilo kosa la Davenport likiwa limevaa kanzu nyingine. Pelagra haikusema kwamba mkulima wa pamba ni mpungufu. Ilisema kwamba amepunguziwa. Kati ya maneno hayo mawili kuna tofauti ya herufi chache na umbali wa mbingu na ardhi. Mpungufu hana mdai wala mdaiwa. Aliyepunguziwa ana haki mahali fulani ambayo haijalipwa. Na hata yule ambaye hasara yake haitaponyeka kamwe, utu wake haukupimwa kwa mizani ya akili, usije ukapungua akili ilipopungua. Thamani ya mtu si mshahara wa werevu wake.

Basi jibu la swali lililoulizwa mwanzo ni hili. Akili ya mtu ni yake kwa matumizi, lakini kwa ujenzi ni kazi ya mikono mingi: ya mama, ya mkulima, ya mpishi, ya mwenye duka la chumvi, ya mtunga sheria. Mwenye kuhukumu akili ya mwenziwe bila kuuliza habari za chungu chake amehukumu shauri kabla ya kusikia mashahidi. Mwalimu ambaye kabla ya kumwita mtoto mzito humwuliza alikula nini jana usiku, hakupunguza ukali wa elimu, bali ameongeza usahihi wa hukumu.

Iko methali nyingine ya kale isemayo, adui mwombee njaa. Waliotunga methali hiyo walijua kwamba njaa hushinda silaha, kwa kuwa humnyang'anya mtu nguvu za mkono na shauri la kichwa kwa pamoja. Lakini maneno hayo yana upanga wa pili. Kama njaa ndiyo dua mbaya kuliko zote awezayo kuombewa adui, basi watu wamwachao mtoto wao wenyewe aonje dua hiyo, na huku ghala lina kunde na duka lina chumvi, wamemfanya mtoto huyo kuwa adui yao pasipo kumwambia kosa lake.